Nina leseni ya kufundisha urubani, ila hakuna anayenipa mwanafunzi

Shikamoo Mwalimu,

Safu yako nimeanza kuisoma nikiwa bado nyumbani Arusha, leo zamu yangu imefika. Nina miaka 27, naishi kwa shangazi karibu na Fort Worth, Texas. Makaratasi ninayo, nilibahatika kwenye ile bahati nasibu ya viza, kwa hiyo ruhusa ya kufanya kazi si tatizo. Urubani nimeusomea kwa kuungaunga: usiku napanga mizigo ghalani, asubuhi naruka kama pesa ipo, isipokuwepo nashinda na vitabu. Nikapata leseni ya rubani binafsi, nikaongeza ya kuruka kwa vyombo (kusoma vipimo vya ndege bila kutegemea kuona nje), kisha ya biashara, na mwaka huu nimefaulu mtihani wa ukufunzi, CFI. Logibuku yangu, lile daftari la saa za kuruka, ina saa 268. Za kufundisha ni sifuri.

Nilipoanza mwaka 2022 kila mtu aliniambia pata CFI, kazi itakufuata. Na kweli wakati ule wakufunzi walikuwa wanakimbilia mashirika ya ndege, vyuo vinahaha kutafuta wapya. Sasa nimefika mimi, mambo yamegeuka. Nimetuma maombi Dallas, Houston, San Antonio, mpaka Arizona. Wengine kimya. Wengine wananijibu kwa ule ujumbe wa kompyuta, kwamba jina langu limehifadhiwa. Matangazo mengi yanataka mtu mwenye saa 500, au aliyekwisha fundisha saa 200. Mwalimu, nitafundishaje saa 200 kabla ya kuruhusiwa kufundisha hata moja?

Usaili nimeitwa mmoja tu. Mkufunzi mkuu alinipa kalamu akasema, "Mimi ni mwanafunzi wako, leo ni siku yangu ya kwanza. Nieleze kwa nini ndege inavuta kushoto tunapopaa." Swali hilo nalijua hata ukiniamsha usingizini. Nikasimama ubaoni nikaandika sababu zote nne, pamoja na michoro na mishale. Akanishukuru, akasema watanipigia. Hawakupiga.

Sasa nina mambo matatu mkononi na usingizi sipati. La kwanza, kuna chuo kidogo huko Panhandle, kaskazini kabisa ya Texas, mkufunzi wao mmoja anaondoka. Wana ndege ndogo tatu, Cessna 172. Malipo ni dola 25 kwa saa, na zinahesabiwa zile tu ambazo injini inazunguka. Shangazi anasema nimerukwa na akili, niache kazi ya uhakika nikaishi kwenye vumbi na ng'ombe. La pili, kampuni moja ya Florida inataka nilipe dola 9,000 ninunue kwao saa za ndege ya injini mbili, kisha "watanipa kipaumbele" wakiajiri wakufunzi. La tatu, baba mdogo anapiga simu kila Jumapili: rudi nyumbani, anamfahamu mtu kwenye kampuni ya ndege za watalii. Na mkopo wa masomo umeanza kudai.

Nishauri kama mwanao.

Mwalimu Bila Darasa, Texas

N.B. Rafiki yangu niliyesoma naye anataka tukodi ndege tugawane gharama, mmoja avae kile kikofia cha kuzuia kuona nje, mwingine awe mwangalizi wake, halafu wote wawili tuandike saa zilezile. Ni halali kweli? Mimi naona kama wizi.

—

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na jibu ili usihangaike kulitafuta chini: nenda Panhandle, mradi wakujibu vizuri maswali nitakayokupa. Florida usitume hata senti. Na baba mdogo mwambie kwa adabu kwamba safari ya nyumbani ipo, ila bado.

Kwanza uelewe kwa nini simu haiiti, maana naona umeanza kudhani kasoro ni yako. Marekani karibu kila mkufunzi kijana anafundisha huku jicho lake liko kwenye shirika la ndege, na ili uwe rubani msaidizi wa shirika la abiria lazima ufikishe saa 1,500. Sheria hiyo ilipitishwa na Bunge lao mwaka 2010 na ikaanza kubana 2013, baada ya ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, kuanguka karibu na Buffalo mwezi Februari 2009 na kuua watu 50. (Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshapita saa 1,500. Lakini sheria ndiyo hiyo, tunaishi nayo.) Waliosoma shahada ya urubani kwenye vyuo vilivyoidhinishwa wanapunguziwa hadi 1,000. Wewe uliyesoma kwa kuungaunga unadaiwa 1,500 kamili.

Maana yake ni kwamba kiti chako kinapatikana pale tu mwenye saa 1,500 anapoondoka. Miaka ile ya 2022 na 2023 mashirika yalikuwa yanavuta watu kwa fujo. Kufika 2024 yakapunguza mwendo, ndege mpya zikachelewa kutoka viwandani, na mengine yakasimamisha marubani wao. Wakufunzi waliofikisha saa zao wakabaki vyuoni wakisubiri kuitwa. Ni daladala iliyojaa ambayo abiria hawashuki: konda hana ugomvi na wewe uliyesimama kituoni, nafasi ndiyo haipo. Na mkufunzi mkuu anayepokea maombi yako anapokea mengine mengi yanayofanana nayo, yote ya watu wenye saa 260, 270, 290. Kwa hiyo acha kuzionea haya saa 268. Kwenye foleni uliyopo hazikupunguzii wala hazikuongezei kitu.

Kinachokubana zaidi ni ile sifuri ya kufundisha, na mara nyingi nyuma yake kuna kampuni ya bima. Chuo kinaweza kukupenda, lakini bima ya ndege zao ikataka mkufunzi awe na kiasi fulani cha saa, au awe amefundisha kiasi fulani. Ukipiga simu uliza hivyohivyo: "Bima yenu inamtaka mkufunzi mpya awe na saa ngapi?" Kuna wenye matangazo ya saa 500 ambao bima yao wala haidai hivyo, waliweka tu kupunguza barua. Na kuna wanaobanwa kweli, hao utawaacha bila kupoteza wiki.

Nimesema kupiga simu, na hata simu ni nusu ya kazi. Kwenye vyuo vidogo barua pepe ya ajira mara nyingi inafunguliwa na mtu huyohuyo anayepanga ratiba, anayejaza mafuta na anayebishana na fundi. Nenda ana kwa ana. Chagua siku ya mawingu ya chini, au ile asubuhi ya ukungu ambayo hakuna anayeruka. Siku hiyo mkufunzi mkuu yuko mezani na kahawa yake, ana muda na amechoka kutazama dirishani. Siku ya jua kali utamkuta kwenye kiti cha kulia futi 3,000 juu ya kichwa chako. Beba logibuku, leseni na wasifu wa ukurasa mmoja, na useme la kwanza kabisa kwamba hujafundisha bado. Na pale uliposomea, umeuliza? Barua yako haisemi. Hao wameshakuona ukitua kwenye upepo mbaya na wanajua kama unachelewa. Vyuo vikubwa, kama kile cha Chuo Kikuu cha North Dakota huko Grand Forks, vinategemea sana wahitimu wao wenyewe kupata wakufunzi, na kwa wadogo mambo hayatofautiani sana.

Sasa huo usaili wako. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hata ukipata usaili kumi utarudi nyumbani vilevile kama hili hatulirekebishi.

Yule bwana hakutaka kujua kama unazifahamu zile sababu nne. FAA, wasimamizi wa usafiri wa anga wa Marekani, wameshakupima, leseni unayo. Alikuambia yeye ni mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mtu wa siku ya kwanza hajui hata kwamba pedali za miguuni zinageuza pua ya ndege kulia na kushoto, anadhani ni breki na mafuta kama za gari. Wewe ukamchorea nguvu ya giroskopu! Kwa Cessna 172 yenye gurudumu la pua, hiyo ndiyo inayomhusu kidogo kuliko zote siku hiyo. Akiwa ameketi anakutazama, alikuwa anamfikiria mteja wake halisi, daktari wa meno labda, au kijana wa chuo, ambaye ametoa dola zake na sasa kichwa kinamuuma kabla hata hajapanda ndege. Wateja wa namna hiyo hawarudi wiki ya pili.

Mimi ningeacha ubao kwanza. Ningevuta kiti nikae pembeni yake, wote tutazame upande mmoja kama tulivyo ndani ya ndege, nimwambie:

"Weka miguu yako hapa, hizi ni pedali. Kanyaga ya kulia, pua inakwenda kulia. Sasa, tukisukuma nguvu zote ili tupae, pua itataka kwenda kushoto. Usishtuke, hujakosea kitu, ni propela inavyozunguka. Macho yako yawe mbali, mwisho wa njia. Ukiona mstari wa katikati unahamia upande wako wa kulia, tayari tunakwenda kushoto. Utafanya nini?"

Halafu ningenyamaza. Nyamaza kabisa, hata kama sekunde zinakuuma, mpaka mguu wake wa kulia usogee. Ukisogea, umefundisha. Kisha ongeza moja: "Na pua ikiinuka, itavuta zaidi au kidogo?" Mwache abahatishe, mwambie tutakwenda kuona wenyewe hewani. Zile sababu nne zinasubiri siku atakapouliza "kwa nini?", na wengi huuliza baada ya somo la pili au la tatu, wakishaihisi mguuni. Hapo ndipo ubao una kazi.

Yote haya uliyajibu kwenye mtihani wa misingi ya ufundishaji: anza na anachokijua, mpeleke kwenye asichokijua, hakikisha ameelewa kabla ya kusonga. Tatizo wengi wakishaufaulu ule mtihani wanaufungia kabatini. Chukua masomo matano ya mwanzo, kuruka sawa na kugeuka, mwendo wa polepole, ndege kupoteza unyanyuko, mzunguko wa uwanjani, kutua kwa upepo wa ubavuni, na kila moja mfundishe shangazi yako sebuleni. Shangazi hasa, kwa kuwa hajui na hatakuonea haya. Akikuambia "sijaelewa", usirudie maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi.

Tuje Panhandle. Shangazi ana haki kuhusu vumbi na ng'ombe, lakini ndiyo maana kiti kipo. Kijana wa Dallas hataki kuhamia huko. Upepo wa huko hauna mchezo, na hilo lina pande mbili. Vitabu vingi vya Cessna 172 vinataja noti 15 kama upepo wa ubavuni uliojaribiwa, na maeneo yale siku za kuvuka hapo ni nyingi, hasa majira ya kuchipua. Siku hizo wanafunzi wapya hawaruki, na wewe hulipwi. Ila mkufunzi aliyefundisha kutua katika upepo ule haulizwi tena kama anaweza kutua. Kuhusu hewa nyepesi, uwanja wa Amarillo uko futi kama 3,600 juu ya usawa wa bahari, na wewe mtoto wa Arusha unajua Kisongo iko juu zaidi ya hapo. Watoto wa pwani ya Texas ndio hushangaa mwezi wa saba ndege inapokataa kupanda.

Kabla ya kusema ndiyo, kaa nao chini. Uliza fundi yuko wapi. Ndege inayotolewa na chuo kwa mafunzo ya kulipia lazima ikaguliwe kila baada ya saa 100, na chuo chenye ndege tatu na fundi aliye mji mwingine kitakuwa na ndege moja na nusu muda wote. Omba kuona vitabu vya matengenezo. Wakikasirika kwa ombi hilo, jibu umeshalipata. Uliza wanafunzi hai ni wangapi, wale walioruka mwezi uliopita, maana orodha ya majina mapokezini inaweza kuwa na watu walioacha mwaka juzi. Uliza kama kuna mkufunzi mzoefu atakayebaki, ili siku mwanafunzi wako wa kwanza anakaribia kuruka peke yake uwe na mtu wa kumkagua pamoja nawe. Hili la mwisho kwangu ni la lazima. Chuo ambacho mkufunzi wa saa 268 ndiye mkubwa wa wote, usiende.

Na pesa. Uliza kama ni ajira, ile ya fomu ya kodi ya W-2, au wanakuita mkandarasi, wa fomu ya 1099. Ukiwa mkandarasi, kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3 juu ya kodi ya mapato, na hiyo dola 25 inaanza kuyeyuka. Uliza kama bima yao inakulinda wewe au inalinda ndege tu, kwa sababu mwanafunzi akivunja gurudumu la mbele, kampuni ya bima inaweza kuilipa chuo kisha ikakugeukia. Kuna bima ya mkufunzi binafsi, ijumlishe kwenye hesabu zako. Halafu omba kulipwa saa za darasani. Maelezo kabla ya kuruka na mazungumzo baada ya kutua ni kazi, na mwanafunzi huwa anatozwa. Wakisema dola 25 hewani na 15 mezani, pokea. Wakisema mezani ni bure, utaanza kuyafupisha mazungumzo hayo bila hata kujijua.

Hesabu yenyewe ni hii. Ukiruka saa 60 kwa mwezi, ambazo kwa huko ni mwezi mzuri, unapata dola 1,500 kabla ya kodi. Zimebaki saa 1,232 kufika 1,500, yaani karibu miezi 21 ya miezi mizuri mfululizo, na haitakuwa mizuri yote. Sheria yenyewe haikuruhusu kufundisha hewani zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24, ingawa kwa ndege tatu na upepo ule hutaufikia mpaka huo. Kwa hiyo huendi bila akiba. Usiache ghala wiki hii. Kaa miezi miwili mitatu zaidi, zungumza na wenye mkopo kuhusu kupunguza malipo ya mwezi kabla hujachelewa hata moja, na kitu kimoja kingine ufanye katika muda huo.

Pata CFII, ukufunzi wa vyombo. Kuna mtihani wa maandishi na wa vitendo, na unahitaji saa kadhaa za mazoezi kwenye kiti cha kulia, nyingine kwenye simuleta. Gharama yake ni sehemu ndogo ya zile 9,000 wanazotaka Florida. Mwanafunzi wa vyombo anadaiwa saa 40 za vyombo, na kati ya hizo 15 lazima zitoke kwa mkufunzi mwenye ruhusa hiyo. Bila CFII, mwanafunzi wako akishapata leseni binafsi unamkabidhi kwa mwenzako. Ukiwa nayo unabaki naye, na hata zile siku za upepo au mawingu zinazomzuia anayeanza, huyu anaweza kuruka. Mkufunzi mkuu anayechagua kati ya wawili wenye saa sawa atamchukua mwenye CFII bila kufikiri mara mbili.

Florida. Saa za injini mbili ni kweli utazihitaji, 50 kwa ATP, ile leseni ya rubani wa mashirika ya ndege. Lakini huzihitaji leo, na mwenye ukufunzi wa injini mbili huzipata akilipwa. Kipaumbele kisichoandikwa kwenye mkataba, chenye tarehe na idadi ya wanafunzi, hakina thamani. Mwajiri anayeanza kwa kukuuzia kitu amekuona wewe kama mteja. Ukitaka kuhakikisha, waandikie hivi: "Niajirini kwanza, hizo saa mzikate kwenye malipo yangu." Kisha subiri uone watakavyojibu.

Baba mdogo anakupenda, usimjibu kwa mkato. Na hoja yake ina uzito: nyumbani sheria haimdai rubani msaidizi saa 1,500, leseni ya biashara inamtosha. Kinachobana huko ni foleni. Kwanza TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, waibadilishe leseni yako ya Marekani. Kisha unakutana na vijana waliosomea Afrika Kusini na pale Wilson, Nairobi, nao wana saa 200 na kitu na nao wana baba wadogo wanaomfahamu mtu. Kampuni za Arusha zinazoruka na ndege ndogo za Caravan kwenda Seronera, Serengeti, zinataka rubani ambaye anaweza kutua peke yake kwenye kiwanja cha vumbi akiwa na watalii nyuma, na kwa hilo wanaangalia saa. Mwombe baba mdogo kitu kimoja tu: huyo mtu wake aandike barua, inayotaja nafasi, ndege na mwezi wa kuanza. Ikija, niandikie tena tuizungumze upya. Na ukumbuke makaratasi yako. Ukikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi, unaweza kuyapoteza, na nafasi ile haiji mara mbili kirahisi.

Kuna jambo hukuniuliza, nalisema kwa kuwa nimeona wapya wengi wakiteleza hapo. Ukishapata wanafunzi utaanza kuhesabu saa zako kwenye mifuko yao. ATP inataka saa 500 za safari za masafa na 100 za usiku, nawe utajikuta unamshauri mwanafunzi mwende mbali kuliko somo linavyodai. Mwanafunzi anayemaliza mapema na kwa bei nafuu anakuletea kaka yake na mfanyakazi mwenzake. Yule aliyezungushwa anamwambia kila mtu, na kwenye mji mdogo wa Panhandle kila mtu ni watu wachache sana.

Sasa rafiki yako na kikofia. Si wizi, ni halali, mkifuata masharti. Mmoja akivaa kikofia na kuruka kwa vyombo tu, sheria inataka awepo rubani mwingine anayeangalia nje, mwenye angalau leseni binafsi ya aina hiyo ya ndege na cheti cha afya kinachofaa. Mkikubaliana kabla ya kupaa kwamba mwangalizi ndiye rubani kiongozi wa safari, basi wote wawili mnaweza kuandika muda huo kama rubani kiongozi: aliyevaa kwa sababu anaendesha, mwangalizi kwa sababu anabeba dhamana. Lakini ni ule muda tu ambao kikofia kiko kichwani. Kupaa, kutua na kutembea chini si vya mwangalizi. Na saa za safari za masafa mwangalizi haziandiki. FAA walishatoa tafsiri hiyo mwaka 2009, na ukiziandika utakuja kuulizwa siku shirika linapopekua logibuku yako ukurasa kwa ukurasa. Wapo wanaojaza saa ambazo hawakuruka kabisa, saa za kalamu, nawe utakutana nao. Kaa nao mbali.

Lakini sheria ikiruhusu haimaanishi itakusaidia sana sasa. Saa hizo hazikuondolei ile sifuri ya kufundisha. Zitumie kuandaa CFII: wewe kaa kiti cha kulia ukiwa mwangalizi, na rafiki yako akiwa ndani ya kikofia mweleze njia ya kukaribia kutua kama vile ni mwanafunzi wako, kwa sauti, kutoka mwanzo mpaka magurudumu. Jina la mwangalizi liandikwe kwenye logibuku ya aliyevaa kikofia, sheria inalidai. Gharama mgawane nusu kwa nusu, na mlipe siku hiyohiyo mkishashuka.